Nani Alinunua Moteri

Wanawake watatu wa likelemba waliingia kwa Papa Siméon asubuhi, wakakataa viti, wakakataa chai, na hapo mkewe, Mama Françoise, akajua kwamba maji yamezidi unga. Mgeni anayekataa chai amekuja na neno ambalo hataki lilainishwe. Walisimama uani, Mama Rosalie mbele kwa kuwa ndiye mwenyekiti, wengine wawili nyuma yake wakitazama nyumba kama watu wanaoipima.

“Tunamutafuta Adrienne,” alisema Mama Rosalie.

“Anamuogesha mutoto. Bamama, mukae basi.”

“Tutakaa siku tutalipwa.”

Likelemba hiyo ilikuwa ya wanawake kumi na wawili wanaouza ndakala, vile vidagaa vya ziwani vinavyolisha nusu ya Kalemie. Kila mwezi kila mmoja alitoa fungu lake, na mmoja akachukua yote. Adrienne, binti wa nyumba hii, aliomba achukue wa kwanza, na baba yake akaweka parseli yake, kiwanja walichokaa, dhamana kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wote. Alipata dola elfu moja na mia mbili. Alimpa Omer, mwanaume aliyekuwa akiishi naye, anunue moteri ya boti. Ndakala zilikuja, michango ikatoka vizuri. Kisha Omer akahamia kwa msichana anayeitwa Sonia, na moteri ikahama naye, na Adrienne akamshtaki. Sasa wanawake sita walikuwa bado wanangoja zamu yao, na Adrienne hakuwa na kitu.

Alitoka nyuma ya nyumba, mtoto wake Abigaël amefungwa mgongoni, bado ana maji masikioni.

“Adrienne,” alisema Mama Rosalie, na sauti yake haikuwa mbaya, “siye hatuna ugomvi na weye. Mwanaume alikudanganya, tumesikia, pole. Lakini hatuwezi kupeleka mapenzi yako sokoni. Kesi ni Jumatano?”

“Ndiyo, njo Jumatano.”

“Tutakuya kusikiliza. Ukishinda, utatulipa. Ukishindwa, papa yako alishasema: nusu ya parseli. Iko wapi yeye?”

Papa Siméon alikuwa ndani, akitafuta kiatu ambacho tayari alikuwa amekivaa. Alikuwa shemasi wa kanisa lao kwa miaka mingi, na alikuwa mtu mwema katika mambo yote ambayo hayakumgharimu. Alitoka wageni walipofika barabarani, akauliza walikuwa wanataka nini.

“Nyumba,” alisema Mama Françoise, akarudi kwenye jiko lake.

*

Maître Isidore, mtetezi wao, alikodi chumba kimoja kando ya duka la dawa. Alikuwa na meza, viti vitatu, na feni iliyogeuka upande wake peke yake. Aliwasikiliza Adrienne na wazazi wake, wote watatu, halafu akauliza swali ambalo watetezi huuliza kwanza.

“Muliandikishana?”

“Maître,” alisema Adrienne, “nani anaandikishana na muntu anayelala naye? Ningemwambia nini? Kabla hujazima taa, tia sinyatiri hapa?”

Isidore alicheka, kisha akakumbuka kwamba yuko kazini. Akaeleza kwamba sheria si mjinga. Feza nyingi inataka karatasi, ndiyo, lakini sheria inajua kwamba watu wanaoishi kama mume na mke hawadaiani kwa karatasi. Hapo hakimu anaweza kusikiliza mashahidi. Basi mashahidi wako wapi?

Ndipo mambo yakaanza kuwa machache. Moteri ilinunuliwa Kigoma. Omer ndiye aliyevuka ziwa, na faktiri, ile risiti ya duka, ilikuwa na jina la Omer. Feza alikabidhiwa chumbani, wakiwa wawili. Wanawake wa likelemba walimwona Adrienne akipokea zile dola, hawakumwona akizitoa. Na zaidi ya hayo, alisema Isidore huku akigeuza kalamu, Omer ameshaandikisha mashahidi wake. Analeta kwaya.

Adrienne alitazama chini. Mama Françoise akafunga macho.

Kwa wavuvi waliotoka kaskazini mwa ziwa na kanisa lao, chombo kipya hakiingii majini kabla hakijapita madhabahuni. Mwenyewe anakileta, shemasi anakiwekea mkono, na mtu wa nyumba yake anasimama kutoa ushuhuda Mungu alikipatia wapi. Sasa, mwanaume aliyenunuliwa moteri na mwanamke, huko ufukoni, ni heri angebaki na kasia. Vijana wangemwita majina mpaka azeeke. Adrienne alilijua hilo, naye alimpenda. Siku ile alivaa kitenge kipya, akasimama mbele ya kanisa zima, akasema: “Papa Omer amejinyima. Hakunywa hata bia moja, hakuvaa shati mupya. Leo Mungu ameona jasho yake.” Watu walipiga vigelegele. Omer alilia kwa machozi ya kweli. Papa Siméon, ambaye parseli yake ndiyo iliyokuwa imelala chini ya moteri ile, aliiwekea mkono na kuomba kwa sauti kubwa.

“Papa,” Adrienne alimgeukia baba yake pale kwa mtetezi, “weye ulijua. Utasema?”

“Nitasema nini? Kwamba niliombea uongo?”

“Njo vile ilikuwa.”

“Watanivua ushemasi.”

“Afazali bakuvue ushemasi,” alisema Mama Françoise, “kuliko batuvue nyumba.”

Papa Siméon alisema ataliwaza. Isidore alikohoa, akasema kwamba neno la baba kwa mwanawe halina uzito sana mbele ya hakimu, lakini lina uzito kuliko ukimya. Kisha akasema kuna njia moja zaidi, ambayo haitumiwi na mtetezi mwenye njia nyingine. Mdai anaweza kuomba mwenzake aapishwe. Akikataa kuapa, ameshindwa.

“Na akiapa?”

“Akiapa, imekwisha. Hakuna rufaa. Hata kesho ukileta malaika na faktiri, hakimu atamurudisha.”

Mama Françoise alivuta pumzi kwa meno. Yeye alizaliwa Zongwe, kijiji cha wavuvi, na kwao kiapo hakikuwa jambo la ofisi. Kwao kiapo cha uongo hakimshiki aliyeapa. Kinamruka, kinashuka kwa damu yake, kwa mtoto. Ndiyo maana watu wanaotukanana mpaka jua kuzama, na kupigana kwa makasia juu ya nyavu, husimama ghafla mmoja akisema apa.

“Hataapa,” alisema Adrienne taratibu. “Iko na mutoto mumoja tu, na ni huyu Abigaël. Sonia hajazaa. Omer anajua kiapo ni nini, mama yake alimufundisha vile nilifundishwa. Maître, andika.”

“Mwanangu,” alisema Mama Françoise, “na kama ataapa?”

“Namujua.”

Mwanamke akisema anamjua mwanaume aliyemwacha bila kuaga, mtu mzima hanyanyui mdomo. Isidore, aliyesoma Lubumbashi na ambaye hakuamini mambo hayo wakati wa mchana, aliandika.

*

Jumatano chumba cha tribinali kilijaa. Kesi za mashamba na mbuzi zina watu wao, lakini kesi ya waliopendana ina watu wote. Wanawake wa likelemba walikaa mstari mmoja. Kwaya ilikuja na viatu vya Jumapili. Wavuvi waliokosa nafasi walisimama madirishani, na mchungaji wa kanisa alikaa benchi la tatu, mikono juu ya magoti. Mama Françoise alikaa karibu na mlango na mjukuu wake mapajani.

Hakimu alikuwa mwanamke, Mama Juge Syntiche, aliyetoka mkoa mwingine na aliyesema Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alianza na Adrienne.

“Mliishi pamoja?”

“Ndiyo, Mama Juge.”

“Alitoa mahari?”

“Hapana.”

“Hata ya kufungua mlango?”

“Alisema atatoa.”

Chumba kikacheka. Adrienne akangoja kicheko kiishe. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kusikilizwa: ili hakimu akubali kutouliza karatasi, ilibidi aseme mbele ya soko zima kwamba aliishi na mwanaume bila mahari, binti wa shemasi, na kwamba mtoto alizaliwa hivyo hivyo. Papa Siméon alitazama sakafu muda wote, kama kwamba sakafu ndiyo iliyokuwa ikijibu.

Omer aliposimama, watu walitegemea kumwona mwizi, wakamwona mtu. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati la mikono mirefu, na hakupandisha sauti.

“Mama Juge, mimi simutukani Mama Abi. Nilimupenda. Lakini kama tunahesabu, tuhesabu vyote. Nani alileta mabati juu ya ile nyumba? Nani alilipa dawa mutoto alipougua tumbo? Ndakala alizouza, zilitoka wapi? Moteri ni yangu. Nilifanya kazi kwa boti ya muntu tangu nikiwa kijana, nikaweka kidogo kidogo. Yeye mwenyewe alisema vile, siyo mimi. Kanisa lote lilisikia.”

Wanaume wengine walitikisa vichwa kukubali. Huenda hata Omer mwenyewe alikuwa amekwisha kuamini. Jambo jema likisemwa juu yako kwa vigelegele, linakaa.

Mama Anne, kiongozi wa kwaya, aliitwa. Alikuwa mwanamke mkweli na kwa hiyo alikuwa shahidi mbaya sana kwa Adrienne.

“Nilisikia na masikio yangu. Alisema Papa Omer alijinyima. Kisha tukaimba, naye akacheza.”

“Ulisema hivyo?” hakimu alimuuliza Adrienne.

“Nilisema.”

“Kanisani?”

“Kanisani. Nilisema vile ili batu bamuheshimu. Mwanaume akinunuliwa moteri na muke, huku kwetu banamucheka.”

“Kwa hiyo ulidanganya kanisani, na hapa unasema kweli. Sisi tutajuaje siku yako ya kusema kweli?”

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mama Juge aligonga meza, bila shaka hakutaka kuchekesha. “Kuna mtu mwingine aliyejua?”

“Papa yangu.”

Papa Siméon alisimama. Alikuwa amelala vibaya siku tatu, na asubuhi ile, akifunga tai, alikuwa amemwambia mkewe atasema. Aliangalia mbele, na mbele kulikuwa na hakimu, lakini kando kidogo kulikuwa na benchi la tatu na mchungaji wake.

“Papa, ile moteri ilinunuliwa na feza ya nani?”

“Mama Juge,” alisema, “mimi niliiombea. Kuhesabu feza haikuwa kazi yangu.”

“Ulijua feza ni ya nani au hukujua?”

“Niliiombea tu.”

Aliketi. Hakuna aliyecheka. Adrienne hakugeuka kumtazama. Mama Françoise alimtazama kwa niaba ya wote wawili. Ilikuwa aibu, aibu tupu, na kila mwenye baba pale ndani aliihisi.

Basi kilibaki kiapo. Maître Isidore alisimama, akaomba kwa maneno ya Kifaransa, na Mama Juge akaeleza kwa Kiswahili, neno kwa neno, ili asije mtu akasema hakuelewa. Madirishani wavuvi waliacha kunong’ona. Omer aliomba maji. Aliyanywa yote. Sonia, aliyekaa kando yake, alimvuta chini, akamwambia kitu sikioni, maneno mengi ya haraka, na wakati huo Adrienne aliuona mkono wa Omer ukishika ukingo wa benchi, akauona ukikaza, na moyo wake ukatulia. Alimjua. Asingeapa. Aliwaza tayari juu ya Mama Rosalie na zile zamu sita zilizobaki.

Omer alisimama.

“Nitaapa,” alisema.

Sauti ilipita chumbani, ya chini, ya watu wengi kwa pamoja. Mzee mmoja dirishani alivua kofia yake. Karani alileta Biblia, akamwonyesha Omer mkono gani wa kuinua. Omer aliinua. Hakumtazama mtu yeyote. Alitazama ukuta juu ya kichwa cha hakimu.

“Naapa ya kwamba ile moteri…”

“Hapana!”

Adrienne alikuwa amesimama, na hakujua alisimama lini. “Mumunyamazishe. Asiape. Mama Juge, ninaondoa ile neno, asiape!”

“Ni wewe uliyeomba.”

“Ninaondoa!”

Isidore alimshika kiwiko. “Ukiondoa hatubaki na kitu. Unanisikia? Hata kimoja.”

“Najua.”

“Parseli ya papa yako…”

“Maître, nimesema najua. Huyu atasema mpaka mwisho. Humuoni? Atasema mpaka mwisho, na mutoto iko pale mlangoni.”

Mama Juge Syntiche aligeuza kurasa za kitabu chake, akapata alichotafuta. Mtu akikwisha kusema yuko tayari kuapa, alieleza, aliyeomba hawezi tena kuondoa kiapo, isipokuwa yule mwenzake akubali. “Bwana Omer. Unayo haki ya kuendelea. Unakubali usiape?”

Mkono wa Omer ulikuwa bado juu. Mlangoni Abigaël, aliyechoka na joto, alikuwa akivuta mkufu wa bibi yake. Omer alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile.

“Nakubali,” alisema, na aliteremsha mkono upesi sana, kama mtu aliyeondolewa mzigo kabla hajaomba.

Hapo hapakuwa na mtu ndani ya chumba kile, kuanzia kwaya mpaka karani, ambaye hakujua moteri ilinunuliwa na nani. Mama Juge naye alikuwa na macho. Alimtazama Adrienne kitambo, akamtazama Omer, kisha akatazama makaratasi, kwa kuwa makaratasi ndiyo aliyoapa kuyafuata. Hakuna maandishi. Hakuna shahidi. Kiapo kimeondolewa kwa kukubaliana. Madai yamekataliwa, na gharama za kesi ni juu ya mdai.

Nje, wanawake wa likelemba walimngoja Adrienne kwenye ngazi.

“Tumeona,” alisema Mama Rosalie.

“Basi mumeona.”

“Kuona hakulipi.”

“Hakulipi, Mama Rosalie. Mukuye kupima.”

*

Walipima. Nusu ya parseli ilinunuliwa na mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kabalo, aliyejenga ukuta wa matofali mpaka karibu na mlango wa jikoni. Wanawake sita walipata zamu zao, wakashukuru, na wawili kati yao walimletea Mama Françoise unga. Papa Siméon alibaki na ushemasi wake. Hakuna aliyemshtaki kwa lolote. Mkewe, aliyekuwa akimwita Shemasi hata wakiwa peke yao, sasa alimwita Baba Adrienne, na alimwekea chakula kwa wakati.

Adrienne alirudi kwenye ndakala, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua. Angependa kununua kwa boti nyingine. Lakini boti ya Omer ndiyo iliyotangulia kufika kutoka Zongwe, moteri yake ikiwa na nguvu, na anayefika sokoni wa kwanza ndiye anayeuza. Watu wa Kalemie hawakumgomea Omer. Samaki ni samaki. Walifanya kitu kimoja tu, bila kukubaliana. Omer alikuwa amepaka ubavuni jina la boti kwa rangi nyekundu, na hakuna hata mtu mmoja aliyelitumia. Ikionekana kwa mbali, wapagazi walisema: “Moteri ya Mama Abi njo ile.” Wateja walisema hivyo. Jovial, kijana wa kazi wa Omer mwenyewe, siku moja alipiga kelele bila kufikiri, bosi wake amesimama kando yake: “Mama Abi, moteri yako imefika, leta beseni!”

Omer aliendelea kufunga kamba. Siku hizi alisema kidogo. Hakumuuzia Adrienne kwa mkopo, naye Adrienne hakuomba. Alilipa feza mkononi, bei ile ile ya wengine.

Lakini kabla hajaipokea feza hiyo, kila mara boti ilipotia nanga, Omer aliuliza jambo moja, kwa sauti ya chini, akiangalia maji. Aliuliza hata kukiwa na foleni. Wapagazi wakongwe walikwisha kuzoea, na waligeuka upande mwingine alipokuwa akiuliza.

“Mutoto iko muzima?”

Mkono wake ulibaki juu ya beseni, haukupokea. Adrienne angeweza kujibu upesi, na siku za kwanza alijibu upesi. Siku ile ya kelele za Jovial alianza kwa kusawazisha ndakala. Akatoa majani. Akafunga kitambaa juu, akakaza fundo, akamwita Jovial amsaidie kujitwisha, akasimama sawasawa mpaka beseni likatulia kichwani, Omer akingoja hapo majini na suruali yake imelowa.

Ndipo akamjibu: “Iko muzima.”